Mwanangu, weka hiyo javeli chini

Goma, mwezi wa nane

Mwanangu mpenzi,

Sauti uliyonitumia nimeisikiliza mara mbili, na mara ya pili nilicheka mpaka papa yako akauliza kuna nini. Unasema ile tapi, zulia la sakafuni alilokupa mama mkwe wako, inanuka kama mbwa aliyenyeshewa, na manyoya yake yamekakamaa tangu ulipoifua wiki mbili zilizopita kwa ndoo sita za maji na paketi nzima ya sabuni ya unga. Jirani yako wa hapo Katuba, Lubumbashi, anasema umwagie javeli, ile dawa ya maji ya kung'arisha nguo nyeupe. Unataka nikupe kipimo, maana mama mkwe anafika Jumamosi ya wiki ijayo.

Usimwage hata tone.

Kwanza ujue tapi yenyewe ni ya nini. Ng'oa nyuzi mbili tatu pembeni, pale pasipoonekana, uziwashe juu ya sahani. Zikinuka kama nywele zinazoungua na kuacha majivu yanayosagika kwa kidole, hiyo ni sufu ya kondoo. Zikiyeyuka na kuganda kama shanga ngumu, ni nailoni au jamaa zake. Sufu ni nywele, na javeli inakula nywele. Hata kama si sufu, rangi inaweza kukuharibikia. Na kwa kuwa nitakuambia utumie siki, nisikie vizuri: siki na javeli zisikutane kamwe, si kwenye ndoo wala kwenye kitambaa. Zikichanganyika zinatoa hewa inayochoma mapafu.

Ugumu huo si ugonjwa wa tapi, ni sabuni yako iliyobaki ndani. Sabuni isiyotolewa inakauka, inakuwa kama gundi, halafu inavuta uchafu kuliko mwanzo. Harufu nayo ni maji. Wewe ulishika juu, ukaona pamekauka, ukairudisha saloni, pale sebuleni, juu ya simenti. Chini ilikuwa bado mbichi, na pale ukungu ukapata nyumba.

Nisikugombeze sana, mimi nilifanya kubwa zaidi. Tarehe 17 Januari 2002, volkano ilipopasua mji, wewe ulikuwa mgongoni mwangu tukivuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda. Tuliporudi tukakuta nyumba imesimama, lakini vioo vimevunjika na mchanga mweusi umejaa kila mahali. Nilikuwa na tapi moja tu, ya sufu, ya ndoa yangu. Kwa uchungu wa kuiona vile niliimwagia bidoni nzima, dumu zima, ya maji ya ziwa, bila kuipiga kwanza. Mchanga wote ukashuka kwenye shina la manyoya ukakaa humo. Ule mchanga wetu ni kama chupa iliyosagwa, mwanangu. Kila mtu akikanyaga, unakata. Haukupita muda mrefu, njia ya kutoka mlangoni mpaka kiti cha papa yako ikawa na upara. Yeye akaibatiza barabara ya Sake, ile inayotoka mjini kwetu.

Vumbi lenu jekundu halikati hivyo, lakini likikutana na maji ni tope, na tope linapaka rangi. Kwa hiyo vumbi litoke likiwa kavu. Ilaze tapi kifudifudi uani, juu ya shuka kuukuu, uipige mgongoni kwa mti, usitumie chuma. Igeuze, fagia, angalia kilichobaki kwenye shuka. Utashangaa. Rudia mpaka shuka libaki safi. Ukiwa na mtu mwenye mashine ya kuvuta vumbi, azima, ila fimbo inatosha.

Baada ya hapo suuza. Usiongeze sabuni, iliyomo inatosha kufua tapi mbili. Jaribu kwanza kona moja kwa kitambaa cheupe chenye maji. Kitambaa kikichukua rangi, acha, tafuta fundi wa kufua tapi. Kisipochukua, tumia maji ya baridi, na kwenye ndoo ya mwisho tia kikombe kimoja cha siki nyeupe. Siki inavunja sabuni na inapunguza harufu. Kisha chukua ubao ulionyooka uyasukume maji yatoke, ukifuata manyoya yanakolala, tena na tena. Hapa ndipo watu wanachoka mapema. Kuyaingiza maji ni dakika kumi, kuyatoa ni asubuhi nzima.

Usiitundike kwenye kamba, itavutika kwa uzito. Iweke juu ya viti au matofali ili hewa ipite chini, mgongo uangalie jua. Bahati yako ni kiangazi, huko kwenu mvua bado haijaanza. Mimi hapa Goma ningekuwa naikimbiza ndani kila alasiri. Siku mbili, labda tatu. Usiku ingiza ndani, umande usiinyweshe tena. Kabla ya kuirudisha saloni, laza gazeti chini yake usiku kucha; asubuhi likiwa limelegea, bado.

Harufu ikibaki kidogo, nyunyiza bikarbonati, ile ya kulainishia maharagwe, uiache usiku, kisha uikung'ute.

Kuhusu doa la mawese ulilolitaja mwishoni kwa sauti ndogo (nimesikia): usisugue. Mwaga unga mkavu wa mahindi unywe mafuta, uufagie, kisha gusagusa kwa kitambaa chenye tone la sabuni ya vyombo, ukitokea nje kwenda ndani. Wekundu ukibaki, jua la hizo siku mbili litaupunguza. Na bukari, ugali wenu, mle mezani.

Ijumaa nitumie picha. Nataka kuona mgongo wake, siyo upande wa juu.

Mama yako