Meli inakaa Unguja masaa tisa tu, shangazi ashuke aende wapi?

Shangazi yangu anaishi Uingereza miaka mingi sasa, mwaka juzi akatuma mesej kwenye grupu la familia kwamba anakuja Unguja ila hatolala, anapita na meli ya kitalii, inatia nanga asubuhi na jioni ishaondoka. Basi nyumba nzima ikachanganyikiwa. Kila mtu na lake, ami, ndugu yake shangazi, anataka ale kwake Kikwajuni, binamu zangu wanataka wampeleke Nungwi maana hajapaona tokea pajengwe mahoteli, mama anataka waende makaburini wakamsomee bibi, na mwenyewe shangazi anataka urojo tu. Yote siku moja. Siku ile tuliiharibu, nasema kweli, na mie nilikuwa mmoja wa wapangaji. Mwaka huu kaja tena kwa njia ile ile na safari hii tuliipatia, ndo maana naandika, maana kila msimu wa meli nasikia watu wanauliza nina ndugu yangu anashuka siku moja nimpeleke wapi, na wengine ni nyie wenyewe mnaofanya kazi melini mnaopewa masaa machache ya kushuka.

Anza na saa, na uzihesabu kwa kurudi nyuma. Karatasi ya shangazi iliandikwa meli inafika 08:00 inaondoka 17:00, sisi tukasema ah, saa tisa hizo, tele. Kumbe wapi. Meli kubwa mara nyingi haifungi gati pale Malindi, bandari yetu ya mjini, inatia nanga nje halafu watu wanaletwa na boti ndogo kwa mafungu, mpaka shangazi kakanyaga ardhi kapita ukaguzi katoka getini ilikuwa saa tatu na nusu. Na huku mwisho, boti ya mwisho ya kuwarudisha ilikuwa saa kumi kamili, siyo saa kumi na moja. Weka nusu saa ya foleni na ya lolote litakalotokea, saa tisa na nusu uwe ushasimama getini. Zimebaki saa sita. Humo humo utoe kula, utoe sala, utoe kukumbatiana na kulia maana na kulia kuna wakati wake, unabakiwa na kama saa nne za kwenda mahala. Hizo ndo za kupangia, zile tisa za kwenye karatasi zisahau.

Na zungumzeni saa gani mnamaanisha! Mtu akikaa nje anaanza kuhesabu saa kama wenyeji wa huko. Shangazi aliandika "tukutane bandarini 9 na nusu", sisi wa mjini tukaelewa kwa sababu tumeiona ratiba, ami hana WhatsApp akaambiwa kwa mdomo saa tisa na nusu, akaja mchana na kanzu yake na kopo la visheti. Binamu walidhani mama atampigia, mama akadhani binamu washampigia. Alimuona dada yake dakika kumi tu, pale getini, ndo anaondoka. Siku hizi naandika "9:30 asubuhi, yaani saa tatu na nusu" hata kama naonekana nazidisha. Na mgeni aulize melini saa wanayotumia ni ya kwao au ya bandari, kuna meli hazibadilishi saa zikifika, mkipishana saa nzima ni msiba.

Sasa Nungwi. Ni kama kilomita 60 kutoka mjini, kwa gari unaweka saa moja na zaidi, kwenda tu. Binamu wakashinda kwa wingi wa kura tukakodi gari tukaondoka. Kule tulikaa dakika arobaini, shangazi akachota mchanga akaloa miguu, akapiga pikcha, basi. Kurudi, tumefika Mahonda tairi likapata pancha, na spea nayo haina upepo, dereva anatuangalia sisi tunamuangalia yeye. Mpaka imepatikana gari nyengine shangazi kashabadilika rangi. Tulifika bandarini saa kumi kasorobo anakimbia na viatu mkononi, mwanamke wa miaka sitini na nne, na ndo hapo akamkuta ami na visheti vyake. Hakula urojo. Makaburini hakwenda. Aliponipigia siku ya pili akaniambia mwanangu nimekuja kwetu nikaona barabara.

Kwa hiyo kwa siku ya meli mie nasema shamba, yaani mbali nje ya mji, usiende, labda mkiwa katika safari iliyopangwa na meli wenyewe, maana hao wakichelewa kwa kawaida meli inawangoja, ila ukitoka kivyako haikungoji, na ikikuacha nauli ya kuifuata bandari inayofuata ni yako. Mgeni abebe pasipoti yake au angalau kopi, na namba ya wakala wa meli aiandike kwenye karatasi, siyo kwenye simu tu, chaji inakwisha. Ukitaka lazima kutoka mjini basi karibu, mashamba ya viungo ya Kizimbani na Kidichi siyo mbali na pale Kidichi kuna hamamu alojenga Seyyid Said 1850. Jozani kwenda kuona kima punju inawezekana pia, kama kilomita 35 hivi, lakini hapo ushachagua, ni Jozani tu na hakuna chengine.

Jengine ambalo watu hawaangalii ni maji. Watu wa pwani wenzangu mnajua, ila wa bara na waliokaa nje wanadhani bahari iko vile vile kutwa. Rafiki zangu wa Dodoma walikuja na boti kutoka Dar kwa siku moja, wakataka Nakupenda, lile fungu la mchanga, wakakodi chombo wenyewe baada ya kula maana walikuwa wameshiba na hawana haraka. Mie niliungana nao pwani. Ilikuwa mwezi kumi na tano wa kuandama, bamvua, yaani siku ambazo maji yanajaa sana na kukauka sana. Siku za bamvua hapa kwetu maji yanakuwa makavu kiasi cha saa nne, saa tano asubuhi, halafu yanajaa mpaka saa kumi alasiri, na sie tunafika saa nane kasoro. Mchanga ulikuwepo, mweupe, mzuri, wametandika khanga wameweka matikiti na pweza wa kuchoma. Haijapita nusu saa maji yakaja pande zote mbili kwa pamoja, siyo kwa mawimbi, yanapanda kimya kimya tu, ukingo wa khanga ukalowa, tukasogea, ukalowa tena, tukasogea, mwisho tumesimama watu tisa kwenye mchanga kama mkeka mmoja na nahodha yuko magotini ndani ya maji kashika kamba anatuita haya pandeni pandeni. Wamelipa pesa nyingi kwa dakika hizo. Kwa hiyo kabla hujampangia mtu Nakupenda uliza mwezi wa kuandama ni ngapi, au tazama jedwali la maji kupwa na kujaa, na ukumbuke kila siku yanasogea mbele kama dakika hamsini. Kama saa za meli hazikubaliani na maji, nenda Changuu, kile kisiwa hakizami. Ni kama nusu saa kwa boti, kuna wale kobe wakubwa asili yao Seychelles, waliletwa 1919, na jela iliyojengwa 1893 ambayo haijafungwa mfungwa, ikaja kutumika kuwaweka wagonjwa karantini. Bei mkubaliane kabla ya kupanda, kwenda na kurudi na muda wa kungoja, vyote kwa pamoja, na mkubaliane na nahodha mwenyewe siyo na papasi, yaani dalali wa njiani. Wakati wa kusi, upepo ule wa kusini, bahari inachafuka, mtu mzima au mwenye kutapika msimtese.

Mwaka huu tulifanya hivi. Wakubwa wote wakaambiwa waje kwa mama Mkunazini, hakuna kumzungusha shangazi nyumba kwa nyumba. Saa tatu na nusu teksi ilikuwa inangoja nje ya geti, dereva tunayemjua, moja kwa moja makaburini Mwanakwerekwe kwanza, asubuhi kabla ya jua kali na kabla ya mambo kuingiliana. Shangazi alikaa pale na mama wakasoma Yasini, akang'oa majani yaliyoota pembeni ya kaburi moja moja kwa mkono, hakuna aliyemwambia twende. Saa tano na nusu tumerudi mjini. Baada ya hapo ni miguu tu, Mji Mkongwe gari ya nini.

Alikuwa na rafiki yake Mwingereza kashuka naye, tukapita kanisa la Mkunazini pale palipokuwa soko la watumwa mpaka lilipofungwa 1873, yale masanamu ya watumwa ndani ya shimo na minyororo shingoni yule Mwingereza aliyatazama muda mrefu. Pale msikimbize mtu. Kahawa tukanywa Jaws Corner, pale wanapokaa watu barazani. Beit al Ajaib, lile jumba la maajabu, tuliiona kwa nje, shangazi aliyekuwa akiiona nzima tokea skuli alinyamaza, sehemu ilianguka Disemba 2020. Na msimuahidi mtu chakula cha Forodhani, ile bustani ya pwani wanapouza vyakula, Forodhani ni jioni, mchana hukuti kitu na meli ishakwenda zake. Urojo tukaagiza nyumbani kwa jirani anayeuza, shangazi akauweka bakuli magotini, bajia, kachori, viazi, chatne ya nazi juu na chipsi za muhogo, anakula machozi yanamtoka na anasema ni pilipili.

Tazameni siku pia. Ikiwa Ijumaa kuanzia saa sita maduka mengi yanafungwa mpaka watu watoke msikitini, na ikiwa Ramadhani mgeni asile njiani mchana. Nguo za kufunika mabega na magoti, hii mwambie mapema akiwa bado melini, siyo kashashuka na kaptula.

Halua na viungo vinunuliwe mwisho, njia ya kurudi Malindi, maana halua ile ya kwenye kikapu cha ukili ni nzito na kuibeba kutwa kwenye jua ni adhabu. Sisi tulinunua saa nane na nusu, saa tisa tuko getini, nusu saa nzima kabla ya tuliyoipanga, shangazi na ami wakakaa kwenye ukingo wa ukuta kwenye kivuli, kopo la visheti katikati yao, wakawa wanazungumza mpaka boti ikaitwa.