Kushtakiwa kwa mkopo wa 2012: usikimbie wito

Mkuu, unauliza kama benki inaweza kukushtaki leo kwa mkopo binafsi wa 2012 ambao marejesho yake uliacha 2013. Kufungua kesi wanaweza. Kushinda ndiyo kazi.

Kwa Tanzania, Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inatoa miaka 6 ya kufungua kesi kwa madai ya mkataba, na inahesabiwa tangu ulipokiuka masharti, siyo siku uliyochukua hela.

Kinachoua watu ni hiki: ukikiri deni kwa maandishi na kusaini, au ukilipa hata kidogo, saa inaanza upya. Shemeji yangu alituma elfu hamsini kwa simu "kuwatuliza", miaka mitano ikiwa imeshapita. Muamala ule ule ndio uliokuja kuwa kielelezo mahakamani. Kwa hiyo chimba taarifa yako ya benki uone rejesho la mwisho ni la lini.

Na wito wa mahakama ukikufikia, usiuweke kabatini. Kama ni Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, una siku 21 tangu uupokee kuwasilisha utetezi wa maandishi, humo humo uweke pingamizi la awali la ukomo, yaani hoja kwamba muda wa kufungua kesi umeshapita. Ukinyamaza wanapewa hukumu kiulaini.