Usiseme "atachagua akikua"

Wazazi vijana wanapenda kuniambia: "Mama, sisi tumeamua mtoto atachagua dini mwenyewe akikua." Wanalisema kwa kujiamini, hasa waliooana bomani, mmoja Mwislamu na mwenzake Mkristo. Wakiniuliza naonaje, jibu langu ni moja: mlee kwenye dini yako. Kama huna dini, mlee kwa hayo unayoyaamini na umwambie wazi. Ila usijidanganye kwamba ukinyamaza, mtoto atabaki mtupu akisubiri kutimiza miaka 18.

Habaki mtupu, si kwa Dar hii. Adhana ya alfajiri inamkuta kitandani. Jumapili kwaya inaanza kwenye spika hata chai haijachemka. Jioni kuna mkutano wa injili uwanjani, na kwenye daladala dereva kaweka mawaidha au mapambio, abiria hana kauli. Shuleni kuna kipindi cha dini: watoto wanagawanywa, hawa chumba hiki, hawa kile, na wako asiye na upande atamfuata rafiki yake. Dada wa kazi naye ana dini yake, na ndiye anayeshinda na mtoto kutwa. Akienda likizo kwa bibi yake, Lushoto au Marangu, hakuna atakayekupigia simu kuomba ruhusa. Atarudi anajua Alhamdu, au Baba Yetu, inategemea bibi ni yupi. Kwa hiyo kufundishwa atafundishwa tu. Swali ni kama na wewe utakuwemo kwenye hayo mafundisho.

Mimi ni Mwislamu, nimekulia Temeke, na wanangu nimewalea hivyo hivyo, simwombi mtu radhi. Nisichokikubali ni malezi ya kukabidhi. Mzazi ananunua juzuu, anashona kanzu, analipa ada ya ustadhi, basi, anaona kamaliza. Nyumbani kwenyewe baba haswali, na msahafu uko juu ya kabati umefunikwa kitambaa mpaka Ramadhani nyingine. Wakristo nao wanayo hiyo: mtoto anapelekwa shule ya Jumapili na dada, wazazi wamelala, kipaimara kikifika ndiyo wanachangishana, wanakodi ukumbi na kushona sare. Mtoto ana macho. Anachojifunza hapo ni kwamba dini ni shughuli ya watoto, ukishakuwa mkubwa unaachana nayo.

Na huko unakompeleka ukague. Binti yangu nilimtoa chuo kimoja cha Kurani kwa sababu ya fimbo. Ilikuwa ndefu kiasi kwamba mwalimu aliweza kumfikia mtoto wa safu ya tatu bila kuinuka mkekani, na aliitumia kwa kosa la herufi moja tu. Nikamhamishia kwa bibi mmoja mtaa wa pili aliyefundisha barazani kwake huku anachambua mchele. Mtoto akisoma vizuri anapewa kashata. Huko ndiko alikohitimu. Uliza bila haya: nani anakaa na watoto, mlango unakuwa wazi au umefungwa, wakienda kambi wanalala wapi na nani. Mwalimu wa dini ni binadamu kama wa hesabu, na anayekasirika kwa kuulizwa maswali hayo, mimi wangu simwachii.

Kazi yenyewe hasa ni maswali. Mwanangu wa kati aliniuliza Ramadhani moja, mimi nakuna nazi: "Mama, bibi wa jirani ataingia motoni?" Bibi huyo ni Mchaga wa Kibosho, Mkatoliki wa kwenda jumuiya hata mvua ikinyesha, na ndiye aliyekuwa akiwapa wanangu uji nikichelewa sokoni. Inaonekana huko chuo walifundishwa habari za makafiri, na yeye akapiga hesabu zake. Nikamwambia, "Hukumu ni ya Mungu, na hajaniomba ushauri. Chukua sahani hii umpelekee kabla haijapoa." Alikwenda, lakini hakuridhika. Kesho yake akarudi na swali lile lile. Ikabidi nikae nimweleze vizuri: vitabu vyetu vinasema hivi, mwalimu wako anaelewa hivi, bibi naye kwake anafundishwa hivi, na mimi hili la bibi namwachia Mungu kwa sababu sijui.

Hilo "sijui" wazazi wengi linatushinda. Tunaona rahisi kusema "usikufuru!" au "nyamaza, hayo ni makubwa." Mtoto atanyamaza kwako, halafu atamuuliza mwingine, na siku hizi huyo mwingine yuko kwenye simu.

Kwetu Waislamu kuna sura nzima yenye jina la Luqman, mzazi anayemuusia mtoto wake. Anamwita "ewe mwanangu", anamkataza kumshirikisha Mungu, anamwamuru kuswali na kusubiri, halafu anashuka mpaka kwenye mwendo na sauti: usitembee kwa maringo, punguza sauti yako, sauti mbaya kuliko zote ni ya punda. Nikiwasikia baadhi yetu tunavyowaamsha watoto alfajiri, naona tumeishika sura hiyo kwa kuanzia mwisho.

Wengine wananiambia kumlea mtoto kwenye dini ni kumnyima haki yake. Sheria haisemi hivyo. Ibara ya 19 ya Katiba yetu inampa kila mtu uhuru wa imani, pamoja na uhuru wa kubadili dini. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Tanzania iliuridhia 1991, unautambua uhuru wa mtoto na papo hapo unautambua wajibu wa mzazi wa kumwongoza, kwa namna inayokwenda na kukua kwake. Maana yake wa miaka mitano unamshika mkono, wa kumi na tano unamsikiliza, wa ishirini na mbili ni mtu mzima mwenzio. Tuachane na hilo.

Waliooana dini mbili, kwenu nina neno moja: kubalianeni kabla mimba haijaonekana. Sheria ya Ndoa ya 1971 inawaruhusu kufunga ndoa ya serikali kila mtu akabaki na dini yake, lakini haiwaambii kama siku ya saba kuna akika, wala nani atamsimamia mtoto ubatizo. Mambo hayo yakiwakuta hamjaongea, wataamua mashangazi. Binafsi sipendi mpango wa nusu kwa nusu, Ijumaa huku, Jumapili kule. Najua wapo waliofanikiwa. Ila niliowaona kwa karibu, mtoto aliishia kuwa hakimu kati ya baba na mama, akichagua swala ni kama kamchagua mzazi. Mmoja aongoze, mwenzake asibeze, na asijifanye haamini anachoamini. Na bibi na babu wa pande zote waambieni siku moja, mkiwa wawili, ili asipatikane wa kusema alifichwa.

Halafu lipo ambalo wazazi hatupendi kulitaja. Unaweza kufanya yote hayo na mtoto akaondoka. Huyo huyo wangu wa maswali, akiwa mwaka wa mwisho chuo kikuu, alikuja nyumbani akaniambia ameokoka. Alisimama mlangoni hajavua viatu, nadhani alitegemea kufukuzwa. Nililia, sifichi. Nikamuuliza nani mwingine anajua. "Mjomba bado." Nikamwambia avue viatu aingie, ya mjomba tutayapanga.

Kikao kilikuwa kirefu. Kaka yangu alitaka asikanyage tena nyumba ya ukoo. Nikamkumbusha kwamba katika sura hiyo hiyo ya Luqman, mtoto ambaye wazazi wake wanamshurutisha amshirikishe Mungu ameambiwa asiwatii kwa hilo, lakini akae nao kwa wema duniani. Kama mtoto ameamriwa wema kwa wazazi wa namna hiyo, mimi mzazi nitapata wapi ruhusa ya kumfukuza wangu? Hakunijibu. Alikunywa chai yake akaaga.

Machozi yanakauka; karatasi ndizo zinazobaki kugombaniwa. Kwa mirathi ya Kiislamu, mtoto asiye Mwislamu hamrithi mzazi Mwislamu. Lakini mwenye mali anaweza kumwusia asiye mrithi mpaka theluthi ya mali yake, na hapo mtoto aliyebadili dini anaweza kuingia. Andika ungali mzima, mbele ya mashahidi, usiiache nyumba ya Temeke iwapeleke wanao mahakamani. RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, wanahifadhi wosia. Na mazishi pia mliongee, maana tumeshaona familia zinavutana mochwari, hawa wameleta sanda, wale wameleta jeneza na suti. Mimi na mwanangu tumelimaliza: mimi nitazikwa Kiislamu, yeye akitangulia watamzika wenzake wa kanisani, na kila mmoja ameshawaambia watu wake.

Kaka yangu mpaka leo hajaridhika na ile theluthi. Kila akiianza, namwambia aende akawaulize masheikh wake mwenyewe, halafu arudi tuongee. Bado hajarudi.