Injini Imefunguliwa Mara Mbili, Bado Inachemsha

SWALI: Ndugu Mshauri, nina Toyota HiAce ya zamani yenye injini ya dizeli ya modeli iitwayo 3L, ambayo ninaitumia kusomba machungwa kutoka Muheza hadi Tanga mjini. Miezi mitano iliyopita ilichemsha njiani na gasketi ya hedi, yaani kizibo kati ya hedi (kifuniko cha juu cha silinda) na bloku ya injini, ikaungua. Fundi alibadilisha gasketi, lakini baada ya siku tisa ikachemsha tena na kuanza kugonga. Tukashusha injini nzima, tukachonga krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni), tukaweka pistoni, ringi na beringi mpya. Sasa ni wiki ya tatu tangu injini irudishwe. Asubuhi inatoa moshi mweupe, na maji ya rejeta yanapungua ingawa sioni yanakovujia. Fundi anasema gasketi niliyonunua ni feki, na muuza spea anasema fundi hajui kufunga. Je, nifungue mara ya tatu, ninunue injini iliyotumika, au niliuze gari?
Msomaji, Muheza

JIBU: Ndugu msomaji, pole sana. Gari linalokaa gereji huku machungwa yakiozea shambani ni hasara ya kila siku, na ninaelewa kwa nini umefikia hatua ya kutaka kuliuza. Hata hivyo, nakuomba usifungue chochote wala usinunue chochote wiki hii, kwa sababu katika barua yako yote umeeleza vitu vilivyobadilishwa, lakini hujataja hata kipimo kimoja kilichochukuliwa, wala hujasema kama kuna mtu aliyetafuta sababu ya injini kuchemsha siku ile ya kwanza. Gasketi haiungui yenyewe. Injini ilipata joto kupita kiasi, na kama chanzo cha joto hilo bado kimo ndani ya gari, kitaunguza gasketi ya tatu kama kilivyounguza ya kwanza, iwe halisi au feki.

Anza na rejeta. Magari mengi ya kwetu hujazwa maji ya bomba au ya kisima kwa miaka mingi, na chumvi ya maji hayo huganda ndani ya vijia vyembamba vya rejeta hadi nusu yake ikaziba, huku kwa nje ikionekana nzima. Ipelekwe ikafunguliwe na kusafishwa, au ibadilishwe. Angalia pia mfuniko wake, kwa maana kazi yake si kuziba tu: hushikilia shinikizo linalofanya maji yasichemke kwenye nyuzi 100, na ukilegea maji huanza kuchemka mapema. Kisha muulize fundi wako swali moja bila kumgombeza: je, aliondoa thamostati, yaani vali inayofungua na kufunga njia ya maji kulingana na joto? Mafundi wengi huitoa wakiamini kwamba maji yatapita vizuri zaidi, lakini katika injini nyingi za Toyota kifaa hicho pia hufunga njia ya mkato ya maji. Kikiondolewa, sehemu ya maji moto huzunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta, na gari huchemka mlimani ingawa rejeta ni safi. Hili nimelikuta mara nyingi, na linanisikitisha kila mara, kwa kuwa mwenye gari huwa amekwisha kulipa gharama ya injini nzima kwa kosa la kifaa kidogo.

Kwenye HiAce kuna jambo jingine. Injini imelala chini ya viti vya mbele, mipira ya maji ni mirefu, na baadhi ya magari yaliyotoka Japani yana hita ya nyuma. Hewa ikinaswa humo baada ya injini kufungwa, hedi hukosa maji huku rejeta ikionekana imejaa.

Moshi mweupe wa asubuhi pamoja na maji yanayopotea vinaashiria kwamba maji yanaingia kwenye silinda. Injini ikiwa baridi kabisa, fungua mfuniko wa rejeta, washa gari, utazame. Mapovu yakitoka mfululizo bila kukoma, hewa ya mgandamizo inapenya kuingia kwenye njia za maji, na hapo hedi lazima ishuke. Lakini isishuke ili ibadilishwe gasketi tu. Ipelekwe kwenye karakana ya kuchonga, ipimwe kwa rula ya chuma iliyonyooka na fila geji (vibati vyembamba vya kupimia mwanya) kama imepinda, kisha ijaribiwe kwa hewa ndani ya maji ya moto ili nyufa zijitokeze, hasa kati ya valvu. Uso wa bloku nao upimwe, kwa sababu hedi iliyonyooka haiwezi kuziba juu ya bloku iliyopinda. Usikubali hedi ikwanguliwe ovyo. Dizeli ya 3L ina mgandamizo wa takribani 22 kwa 1, na nafasi kati ya valvu na pistoni ni ndogo mno. Gasketi zake hutolewa kwa unene tofauti, na unene unaofaa hujulikana kwa kupima pistoni zinavyochomoza juu ya bloku. Kama fundi alikwambia ununue gasketi bila kupima hilo, basi yeye na muuza spea wote wawili wanaweza kuwa na sehemu ya lawama. Boliti za hedi zikazwe kwa spana ya kupimia nguvu, kwa hatua, kuanzia katikati kwenda nje.

Ugomvi wa fundi na muuza spea utakwisha ukidai vipimo viandikwe kwenye karatasi: upana wa kila silinda, kipenyo cha krenki baada ya kuchongwa, na saizi ya beringi zilizowekwa. Krenki iliyochongwa kwa milimita 0.25 ikifungiwa beringi za 0.50, ambazo ni nene zaidi, haitazunguka; kinyume chake, ya 0.50 ikifungiwa beringi za 0.25, itagonga baada ya siku chache.

Kuhusu injini iliyotumika, ninakushauri usiinunue kabla ya hedi kupimwa. Sehemu ya chini ya injini yako ni mpya, na kama haikupata joto tena, huenda unachohitaji ni hedi moja nzima. Ukilazimika kununua injini, inunue ile unayoweza kuisikia ikiwaka na kupimwa mgandamizo wa silinda zote nne. Rejeta lazima itengenezwe kwanza kwa vyovyote vile.

SWALI: Baada ya kuwekewa ringi mpya niliambiwa niendeshe taratibu kwa kilomita 3,000. Nimefikisha 800 na gari bado linakula oili. Nimekosea wapi?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Umetii ushauri usiofaa. Ringi mpya hukaa kwa kusukumwa na shinikizo la mwako kwenye ukuta wa silinda; gari likiendeshwa kinyonge na kuachwa likiunguruma bila kazi, ukuta hung'ara na ringi hazikai kabisa. Endesha kwa mzigo wa wastani, badilisha mwendo mara kwa mara, usilikamue hadi mwisho, na ubadilishe oili pamoja na filta ukifika kilomita 1,000. Muulize pia fundi kama silinda zilipigwa honi, yaani kuta zake kukwaruzwa kidogo kwa jiwe la kunolea ili ringi zikae, kabla ya ringi kuingia. Kama hazikupigwa, mwendo wowote hautasaidia, na pistoni zitahitaji kutoka tena.