Jibu: Buli la chai lilianza lini?

Ndugu, umeuliza kama Wachina walikuwa na buli tangu walipoanza kunywa chai. Hapana, buli lilichelewa sana. Enzi za Tang (618–907) majani yalipondwa na kushindiliwa yakawa kama mkate mgumu. Ukitaka kunywa, unabanika kipande, unakisaga, unachemsha na chumvi kidogo (ndiyo, chumvi!), kisha unateka kwa kata na kumimina bakulini. Lu Yu, aliyeandika kitabu kizima cha chai karne ya 8, alisifia mabakuli ya kijani ya Yue, eneo la mashariki mwa China; mabakuli meupe, alisema, yanaifanya chai ionekane nyekundu.

Enzi za Song (960–1279) mtindo ukageuka: unga wa chai ndani ya bakuli, maji moto, unapekecha kwa kipekecho cha mwanzi hadi povu jeupe lipande. Ndipo mabakuli meusi ya Jian, yaliyofinyangwa kusini-mashariki mwa China, yakatafutwa, maana povu lilionekana vizuri.

Mwaka 1391 mfalme Hongwu, mwanzilishi wa enzi za Ming, alikataa kupelekewa chai ya mikate kama ushuru, akataka majani tu. Sasa majani mazima utayaloweka wapi? Hapo ndipo mabuli madogo ya udongo wa mji wa Yixing yalipokuja kupata soko, karne ya 16.