Kompyuta ya gemu kwa dola 350: soma kibandiko kabla ya kununua kadi

Nilipoanza kukusanya vipande vya kompyuta ya kuchezea gemu hapa Lubumbashi, mfukoni nilikuwa na dola 350, nami nikafanya kosa linalofanywa na karibu kila kijana ninayemfahamu: nilianza na kadi ya grafiki, kile kipande kinachochora picha za mchezo kwenye skrini. Niliipata RX 580 ya gigabaiti 8, iliyokwisha kutumika, iliyoingia kutoka Afrika Kusini kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, nikatoa karibu nusu ya fedha zangu siku hiyo hiyo. Zilizobaki zilinitosha kwa bodi mama kuukuu (sahani inayounganisha vipande vyote) yenye prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ya Core i5 ya mwaka 2015, RAM (kumbukumbu ya muda), na kile kifaa cha kugawa umeme ambacho mafundi wetu hukiita alimantasyo na wengine pawasaplai. Hicho nilikichukua kwa bei ya chini kuliko vyote, kwa kuwa hakionekani kwenye skrini.

Muuzaji aliniambia, “Mkubwa, hii ni ya wati 500, hata kadi mbili inabeba.” Kweli, ubavuni palikuwa na 500 iliyochapwa kwa tarakimu kubwa nyekundu. Wiki ya pili umeme ulikatika nikiwa katikati ya mchezo, ukarudi baada ya dakika chache kwa nguvu iliyofanya taa ya chumbani iwake nyeupe kupita kiasi, kisha nikasikia mlio mdogo kama wa kijiti kinachovunjika na harufu ya kitu kilichoungua. Pawasaplai ilikufa na ikaondoka na bodi mama. Kadi ilipona kwa bahati tu.

Siku iliyofuata ndipo niliposoma kibandiko chote. Chini ya ile 500 kuna jedwali dogo, na katika safu ya volti 12 pameandikwa ampea 18. Zidisha 12 kwa 18: unapata wati 216. Prosesa na kadi ya grafiki hula umeme wao karibu wote kwenye njia hiyo ya volti 12, kwa hiyo hiyo ndiyo nguvu unayoinunua hasa. RX 580 peke yake huhitaji takriban wati 185, na prosesa yangu ilikuwa ya wati 65. Jumla 250, kabla hujahesabu feni na diski. Mashine yangu ilikuwa imelemewa tangu siku ya kwanza, na umeme uliporudi vile ulimalizia tu kazi iliyokwisha kuanza.

Kwa sababu hiyo, mtu akiniomba ushauri leo, humwambia atenge kwanza fedha za pawasaplai ya kweli na stabilaiza (ya kutuliza umeme unaopanda na kushuka) au UPS (betri inayoshika kompyuta umeme ukikatika), kisha kinachobaki ndicho kimchagulie kadi. Kwenye UPS pia pana mtego wa tarakimu: 650 iliyoandikwa kwenye boksi ni VA (volti mara ampea), si wati, na kwa kawaida haifiki wati 400. Hata hivyo inatosha kukupa dakika chache za kuhifadhi mchezo na kuzima kwa utaratibu.

Mara ya pili niliiuza ile RX 580 nikachukua GTX 1650 ya gigabaiti 4, iliyotoka mwaka 2019, ambayo hula takriban wati 75. Matoleo yake mengi hayana plagi ya ziada, maana hupata umeme wote kutoka kwenye bodi mama. Ni dhaifu kuliko RX 580, sibishi, lakini michezo ya mpira na ya magari ninayocheza inakwenda vizuri kwenye skrini ya kawaida ya 1080p. Ndiyo kadi inayomfaa pia anayenunua kompyuta ya ofisi iliyotumika, kwa sababu nyingi kati ya hizo zina pawasaplai ndogo yenye plagi za kampuni yenyewe, ambayo huwezi kuibadilisha kwa nyingine ya dukani. Pima boksi la kompyuta kwanza: yale membamba yanataka kadi fupi.

Usilipe kadi iliyotumika kabla ya kuiona ikifanya kazi. Mimi huenda na GPU-Z, programu inayosoma taarifa za kadi, kwenye flashi, kwa sababu zipo kadi za zamani zilizobadilishwa jina ndani ili zionekane mpya, na programu hiyo huzitambua nyingi za kampuni ya NVIDIA. Kisha naomba mchezo uchezwe dakika ishirini. Muuzaji akikasirika, naondoka.

Kuhusu RAM, vipande viwili vya gigabaiti 8 ni bora kuliko kimoja cha 16, kwa kuwa prosesa huvisoma kwa pamoja. Tofauti hiyo huonekana zaidi kwa asiye na fedha za kadi kabisa na akachagua prosesa ya Ryzen 5 5600G, yenye grafiki ndani yake inayokopa RAM hiyo hiyo. SSD (diski ya kasi) hata ndogo inatosha kuanzia. Michezo mikubwa nakili kwa rafiki kwa diski ya nje badala ya kumaliza vifurushi vya intaneti.

Boksi nililonalo ni kuukuu na limekwaruzika. Nimeliweka juu ya meza, si sakafuni, na tangu Mei hadi mvua zinaporudi nalifungua kila mwezi kupangusa vumbi jekundu kwenye feni kwa brashi ya rangi.