Maua ya kudumu Dodoma: nenda kwa muuza miche Oktoba, si Aprili

Ukitaka kujua ua lipi litakufaa Dodoma, usiende kwa wauza miche mwezi wa Aprili. Aprili kila kitu kimestawi, hata magugu. Nenda Oktoba, jua likiwa la utosi na vumbi limetanda mpaka kwenye majani, uone nini kimesimama chenyewe na nini kinamwagiliwa asubuhi na jioni kisije kikafa kabla hakijauzwa. Muulize muuzaji waziwazi: "Hili unalimwagilia mara ngapi?" Akianza kuzungukazunguka, jibu umeshalipata.

Tangu Serikali ihamie huku, mitaa kama Iyumbu na Nzuguni imejaa nyumba mpya, na nyingi zinaanza na bustani ya Dar es Salaam: nyasi laini, maua ya kivulini, majani mapana. Lakini sisi tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 600 au pungufu, na karibu yote inanyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki ni mikavu. Juni na Julai usiku una baridi ya kuvaa sweta, kisha unakuja upepo. Weka juu yake mgao wa maji, na maji ya visima ambayo sehemu nyingi yana chumvi. Ua la kudumu kwa huku ni lile linalovuka kiangazi bila wewe kubeba madumu.

Mimi siku hizi kabla ya kutazama ua lenyewe natafuta ghala lake la maji. Mmea wowote unaovumilia ukame umeweka akiba mahali: kwenye kitunguu au kiazi ardhini, kwenye shina, au kwenye jani. Nisipoiona akiba hiyo, naliacha hata kama ua linanichekea.

Ninalolipenda kuliko yote ni Scadoxus multiflorus, ua linaloota kutoka kwenye kitunguu chake ardhini. Wauza miche wengi hawana, kwa sababu nusu ya mwaka ni mkebe wa udongo mtupu, na nani atanunua udongo? Yangu nilipewa na bibi mmoja jirani aliyekuwa anayang'oa kando ya shamba lake la mtama. "Chukua, mwanangu, hata mbuzi hawaligusi," aliniambia, na mimi sikuhitaji sifa nyingine. Mvua za kwanza zikinyesha, ardhi ikiwa bado haina kitu, linachomoza shina nene lenye madoadoa mekundu sehemu ya chini. Juu yake linafunguka tufe jekundu, kubwa kuliko chungwa. Ukilisogelea unaona kumbe ni vijiua vingi, vinaweza kufika mia mbili kwenye shina moja, kila kimoja na nyuzi zake ndefu zenye vumbi la njano nchani. Majani yanafuata, yanabaki kijani masika yote, halafu yanakauka na mmea unalala.

Hapo ndipo watu wanapokosana nalo. Mmea uliolala haujafa, na haudai maji. Zungushia mawe mahali ulipozika kitunguu, la sivyo anayefagia uwanja atapitisha jembe, au mtu mwenye huruma ataumwagilia Agosti mpaka uoze. Panda shingo ya kitunguu iwe usawa wa ardhi, kisha usiuhamishehamishe. Ukiuhamisha kila mwaka utagoma kuchanua.

Jamaa mwingine wa kulala ni Gloriosa superba, ua la taifa la Zimbabwe, ambalo hata kwetu linaota porini. Linapanda kwa kutumia ncha za majani yake, zinazojikunja na kushika chochote kilicho karibu, kwa hiyo mpe matawi makavu au waya. Petali zake zimepinda kwenda juu, zinaanza na rangi ya kijani na njano, halafu nyekundu inazivamia. Ukinunua kiazi chake, kikague kama unavyokagua yai: kila mkono wa kiazi una jicho moja tu la kuchipua, na likivunjika, mkono huo ndio basi. Na nasema bila utani, kiazi hicho kinafanana na kiazi cha kula na kina sumu inayoua. Kama una watoto wadogo au unafuga, acha kabisa, wala kisihifadhiwe jikoni hata siku moja.

Waridi la jangwani, Adenium obesum, wengi wanalijua. Hapa shauri langu ni moja: nunua lililooteshwa kwa mbegu. La kipandikizi linachanua upesi na ni rahisi, lakini halijengi lile tumbo nene la chini, na tumbo ndilo linaloweka maji. Libonyeze kwa kidole. Likiwa gumu ni zima, likibonyea limeanza kuoza. Udongo uwe mchanga na kokoto, samadi kidogo tu. Utomvu wake zamani ulipakwa kwenye mishale, kwa hiyo ukipogoa nawa mikono.

Mkonge pori, ule wa jamii ya Sansevieria, sina haja ya kuusifia, unaishi hata nyuma ya choo. Ila kama umependa ule wenye ukingo wa njano, ugawe kwa mizizi. Ukiotesha kipande cha jani, vichipukizi vitatoka kijani kitupu, na muuzaji mwaminifu angekwambia hivyo.

Mishubiri nayo ipo ya aina nyingi mbali na alovera ya kupaka usoni. Aina ya Aloe secundiflora inachanua wakati wa ukavu, na ndege aina ya chozi wanagombania asali yake asubuhi yote. Tafuta miche iliyooteshwa kitaluni, using'oe porini. Biashara ya kimataifa ya karibu mishubiri yote inadhibitiwa na CITES, mkataba wa kulinda mimea na wanyama wa porini dhidi ya biashara holela, alovera peke yake ndiyo imeachwa huru.

Wapo watakaokuuliza kuhusu ua la zambarau ya Usambara, ile Saintpaulia iliyopewa jina la mkuu wa wilaya wa Kijerumani aliyeipeleka Ulaya miaka ya 1890. Ni nzuri sana na ni yetu. Lakini ni ya miamba yenye unyevu na kivuli cha msitu. Iache Tanga, au uiweke ndani dirishani na ujue umejipa mtoto wa kulea.

Kuna kosa la upande wa pili pia, la kuchukua kinachovumilia kupita kiasi. Dungusi kakati wa aina ya Opuntia stricta alipandwa Laikipia, Kenya, kama pambo na uzio, na leo ameteka malisho, miiba ya matunda yake inaumiza midomo ya mifugo. Lantana naye ni vivyo hivyo, ndege wanakula matunda na kusambaza mbegu. Kwa hiyo swali la pili kwa muuzaji, baada ya lile la maji, liwe: "Hili linajiotesha lenyewe?" Akijibu kwa furaha kwamba halihitaji hata kupandwa, mshukuru na usogee meza inayofuata.